Maziwa ya Duive

Hiki ninachokuandikia hutakiamini, na wala sikulaumu, maana hata padri wetu alipokisikia aliniambia nikatubu kwanza ndipo nirudi kusimulia vizuri. Nasema hivi: shemeji yangu Farailde, mjane wa kaka yangu Remi, alimkamua njiwa mbele ya kapteni wa jeshi la Kijerumani, mchana kweupe, na kapteni akayanywa yale maziwa, akafuta masharubu yake, akashukuru. Cheka. Ukimaliza kucheka, kaa nikueleze.

Farailde mwenyewe yuko juu darini na ndege wake, na mimi niko chini jikoni kwake, kalamu mkononi na bia mbele yangu. Ngazi ya dari hiyo hulia kama nguruwe ikikanyagwa, kwa hiyo akianza kushuka nitajua. Shemeji yangu hapendi habari itiwe chumvi. Husema ukweli hauhitaji kiungo. Sasa mimi nauliza, umewahi kula viazi visivyo na chumvi ukaomba vingine?

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kwetu Leiehoek, kando ya mto Leie, katika nchi ya Flandria, mtu mwenye njiwa wa mashindano haitwi mfugaji. Anaitwa mkamua njiwa. Usiniulize kwa nini. Wengine husema ni kwa sababu njiwa huwalisha makinda yake uji mweupe unaotoka kooni. Wengine husema ni kwa sababu mwenye njiwa hushinda kwenye kigoda, kainua shingo angani, anangoja kitu ambacho hakitoki, kama mtu anayekamua ng'ombe mkavu. Nyinyi mnaodhani maziwa ya kuku ndiyo mwisho wa visivyopatikana, karibuni kwetu. Sisi tulishampita kuku zamani. Na njiwa kwa lugha yetu ni duive. Lishike hilo neno, duive, tena litamke kwa pua kama sisi, kwa maana ndilo lililotaka kumwua shemeji yangu, na ndilo lililomponya.

Farailde ni mwanamke wa kitani, mmea tunaousokota uzi wa nguo. Alikipiga na kukichambua tangu hajaota meno ya ukubwani, na mikono yake ukiisalimia unaona umesalimia mlango. Vumbi la kitani ndilo lililommaliza Remi kifua, miaka miwili kabla ya vita. Remi hakumwachia mali. Alimwachia dari yenye njiwa, na kati ya njiwa hao mmoja jike, wa rangi ya jivu, ambaye yai lake Remi alilipasha joto kiganjani usiku njiwa aliyelitaga alipokufa. Njiwa huyo aliwahi kurushwa mashindanoni kutoka Bordeaux, kule kusini mwa Ufaransa, siku ya mvua ya mawe, wengine wakapotelea baharini, yeye akatua hapa na mkia nusu, akaingia ndani na kuanza kula kama mtu aliyetoka dukani. Wakamuaji wengine huwapa ndege wao majina ya majenerali na malkia. Farailde alimwita huyu Duive tu, yaani Njiwa.

"Mpe jina la maana, shemeji," nilimwambia.

"Wewe ulipewa la maana, Cyriel," akasema. "Limekusaidia nini?"

Basi vikaja vita. Wasomi wameviandikia vitabu vinene, lakini mimi nitakueleza kwa pumzi moja. Wafalme wakubwa wa Ulaya walikuwa wamejifunga kamba miguuni kwa makundi, kama watoto kwenye mbio za kufungana miguu, kila kundi likiapa kuwa mmoja akiguswa wote wataruka. Kule mbali, upande wa Waserbia, mrithi wa kiti cha Mwaustria akapigwa risasi. Mwaustria akamkasirikia Mserbia, Mrusi akamkasirikia Mwaustria, Mjerumani akamkasirikia Mrusi na, kwa kuwa keshakasirika, akaona amalize na Mfaransa papo hapo. Sasa njia ya kwenda kwa Mfaransa, ukiangalia ramani yao, inapita katikati ya viazi vyetu. Mwingereza naye akasema viazi hivyo visikanyagwe. Basi wakavikanyaga wote, na kabla hujageuka wanapigana mpaka Afrika, mpaka Uchina, watu wasiowahi kusikia hata jina la Serbia wanakufa kwa ajili yake. Na wengi wa wafalme hao, nasikia, walikuwa mabinamu. Kwetu mabinamu wakigombana hutupiana viti tu.

Wajerumani walipoingia Leiehoek walichukua kwanza farasi, kisha ng'ombe, kisha shaba yote mpaka vitasa vya milango. Hayo tuliyatazamia, jeshi ni tumbo lenye miguu. Lakini tangazo lililofuata ndilo lililotushangaza. Lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa: njiwa wote wa kijiji waletwe uwanjani wauawe. Atakayebakiza hata mmoja atahesabiwa jasusi. Na jasusi siku zile hakufungwa jela. Alisimamishwa ukutani akapigwa risasi.

Ebu fikiri. Watu wana mizinga ambayo ikinguruma kule mto Yser, kwenye mstari wa mbele, vioo vya madirisha yetu vinalia. Wana meli za angani. Wana himaya yenye bendera mpaka visiwa vya bahari ya mbali. Halafu wanamwogopa ndege anayekula dengu! Waliogopa tutamfunga barua mguuni aende kuwaambia Waingereza. Shemeji yangu alisoma lile tangazo akiwa amesimama, mikono kiunoni, akalisoma tena, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mlinzi: "Kumbe wanatuogopa."

Siku yenyewe wakamuaji walipanga foleni na vikapu vyao, wanaume wazima wanalia. Askari walikuwa wamesimama tayari kuvunja shingo. Ilipofika zamu ya Farailde, askari akanyoosha mkono.

"Ondoa mkono," akamwambia. "Ndege wa Remi hawaguswi na mgeni."

Akawanyonga mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kuangalia chini, macho yake yamemkazia kapteni mpaka yule mwanamume akaanza kuchezea vifungo vya koti lake. Kapteni Hasselbrink, ndilo lilikuwa jina lake. Kwao alikuwa na kiwanda cha vifungo, kwa hiyo huko ndiko yalikokimbilia macho yake. Alipomaliza, Farailde akamwaga kikapu miguuni pake.

"Kuleni," akasema. "Na mifupa iwakwame."

Oswin mkalimani alitafsiri kuwa mama huyu anawatakia chakula chema. Kapteni akainamisha kichwa kwa adabu. Jioni ile akaandika kwa wakubwa wake, kwa muhuri na sahihi, kwamba Leiehoek hakuna tena njiwa hai hata mmoja.

Alikuwapo mmoja. Duive alikuwa darini nyuma ya mafungu ya kitani kilichotoka kulowekwa mtoni. Wewe hujui harufu ya kitani kilichooza ndani ya Leie. Sisi tumezaliwa ndani yake, tunaiita harufu ya mkate wetu, lakini mgeni akiivuta mara moja hutapika mpaka uji wa utotoni. Askari waliokuja kupekua walifika kwenye ngazi ya tatu, wakatazamana, wakaandika kuwa wamepekua.

Lakini ulimwengu una vinyozi. Nestor, kinyozi wetu, ni mtu mwema asiyeweza kuweka neno mdomoni kama vile wewe usivyoweza kuweka kaa la moto. Asubuhi moja mwezi wa Februari alikuwa anamnyoa Oswin mkalimani, na mimi nimekaa benchi nangoja zamu yangu. Huyu Oswin alikuwa mtu wa Saksonia aliyewahi kuuza uzi wa kushonea kule Rotterdam, kwa Waholanzi, ambao lugha yao inakaribiana na yetu. Lugha yake ilikuwa ya kuuzia uzi: aliweza kusalimia, kuhesabu na kulalamikia bei. Kwa ajili hiyo jeshi zima lilimtegemea.

"Yule mjane mwenye mdomo," akauliza, "kazi yake nini hasa?"

"Farailde?" Nestor akasema, wembe hewani. "Ala! Huyo ni mkamua duive! Hana mwenzake bonde zima!"

Nikakohoa. Nikakanyaga mguu wa Nestor. Nikaangusha beseni. Nestor akaniuliza kama naumwa. Oswin akalitafuna lile neno. Kukamua alikujua, duive hakulijua, na mkalimani anayelipwa hawezi kukiri hajui. Nikamwona anatabasamu ndani ya povu.

Adhuhuri ile alikwenda kumwambia kapteni kwamba mjane Farailde ana ng'ombe wa maziwa aliyemficha, na jina la ng'ombe ni Duive.

Sasa ujue Kapteni Hasselbrink alikuwa na vidonda vya tumbo. Mkate wa jeshi, ule wenye maganda ya viazi na sijui vumbi la mbao, ulikuwa unamkata kama misumari. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni maziwa ya moto, na ng'ombe wa Leiehoek wote alikwisha kuwapeleka vitani yeye mwenyewe. Kwa hiyo hakuleta bunduki. Alileta jagi. Oswin alilisimamisha juu ya meza hii hii ninayoandikia.

"Kila asubuhi," akasema. "Jagi moja la maziwa ya Duive, kwa Bwana Kapteni. Naye atajifanya hajui ng'ombe yuko wapi."

Alipotoka, Farailde alikaa akaliangalia lile jagi. Kisha akaniangalia mimi.

"Cyriel. Wamesema maziwa ya nani?"

"Ya Duive."

"Nani kawaambia?"

"Nestor. Ila wao wanadhani ni ng'ombe."

"Nikisema sina ng'ombe?"

"Watauliza basi Duive ni nani. Na hapo hata Oswin ataelewa."

 Juu ya vichwa vyetu, nyuma ya kitani, Duive akakoroma kidogo, kuuu, kama anayesema muendelee, nawasikiliza. Shemeji yangu angeweza kupanda, kumnyonga kimyakimya, kumtia chunguni na kwisha habari. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Nilimwambia.

"Wamechukua farasi," akasema. "Wamechukua shaba. Wamenifanya niwaue watoto wa Remi kwa mikono yangu. Huyu hawampati. Mbuzi wako anatoa maziwa?"

Sasa hapa ndipo mimi ninapoingia kwenye historia ya dunia. Mimi nilikuwa na mbuzi. Jina lake Baronesi, yaani bibi wa kitajiri, kwa sababu hajawahi kufanya kazi na alikula kuliko sisi wote. Nilimficha kwenye banda la kupigia kitani, na alikuwa amezaa sikukuu ya mishumaa, mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo ukisikia watu wanajisifu jinsi walivyopigana na himaya ya Kijerumani, waambie kuna mtu wa Leiehoek aliyepigana nayo kila alfajiri, akiwa ameshika chuchu.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi nakamua, Farailde anapeleka. Anavuka uwanja na jagi lake, kichwa juu, mbele ya lile tangazo la kuua, na kapteni anamngoja mlangoni amevaa slipa.

"Habari za Duive?" huuliza, Oswin akitafsiri.

"Hajambo, Bwana Kapteni."

"Anakula nini siku hizi za shida?"

"Dengu. Na mahindi akiyapata."

"Dengu! Ng'ombe wa Flandria wana mambo! Na anatulia wakati wa kukamuliwa?"

"Ukimshika vizuri hatikisiki."

"Mwambie namsalimu."

"Nitamwambia."

Hata uongo mmoja hakusema, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya dirisha la Nestor, yeye anarudi na jagi tupu, namfuata jikoni, anapanda ngazi, na kupitia mbao za dari namsikia: "Mjerumani anakusalimu." Kuuu, anajibiwa.

Kapteni akaanza kunenepa. Mashavu yakarudi. Kijiji kizima kikajua siri hiyo isipokuwa jeshi, na watu waliokuwa wanatembea wameinama tangu vita vianze wakaanza kusalimiana barabarani: "Habari za Duive?" "Hajambo!" Mbele ya askari. Wanawake kwenye foleni ya unga wa msaada wa Amerika walikuwa wanacheka mpaka mlinzi anacheka nao bila kujua anacheka nini.

Halafu katikati ya Kwaresima ikaja amri kutoka makao makuu. Ng'ombe wote waliosalia waonyeshwe. Kanali atapita kesho yake kuwahesabu, na wote watapelekwa kuchinjwa kwa ajili ya askari wa mstari wa mbele. Tukasema hiyo haituhusu, sisi ng'ombe hatuna. Tulisahau kuwa yuko mtu mmoja Leiehoek aliyeamini tunaye.

Kapteni alikuja mwenyewe, jua limepanda, na Oswin na askari wawili wenye kamba. Nilimwona akivuka uwanja nikakimbia kwa kupitia bustani ya kabichi, nikaingia jikoni.

"Shemeji! Wanakuja kumwona ng'ombe! Nina shauri. Mimi naingia nyuma ya ukuta wa banda, nalia kama ng'ombe. Wewe sema ana ugonjwa wa kuambukiza."

"Lia nikusikie."

Nikalia. Najisifu kwa mambo mengi, lakini ng'ombe siwezi. Akanitazama kwa huruma.

"Kaa chini, Cyriel. Nimechoka kumbebea Duive jina la mnyama mwingine."

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Kapteni alivua kofia. Alikuwa na haya, ndiyo, haya, kama mtu anayekuja kuomba chumvi kwa jirani aliyemkosea.

"Mama," akasema kupitia Oswin, "kesho wanakuja kuchukua ng'ombe. Mimi sitaki Duive achukuliwe. Nimekuja kumficha."

"Duive amekwisha kufichwa, Bwana Kapteni," Farailde akajibu. "Tangu zamani."

"Wapi?"

"Darini."

Oswin akauliza tena. Akajibiwa tena. Akageuka kwa kapteni, akatafsiri, akanyoosha kidole juu. Kapteni akatazama dari ya jikoni. Askari wakaitazama. Mimi nami nikaitazama, ya nini niwe tofauti.

"Ng'ombe," kapteni akasema polepole, "yuko darini?"

"Nani kasema ng'ombe?"

"Mteremshe!"

"Si ulitaka afichwe?"

"Mteremshe sasa hivi!"

Farailde akapanda. Ngazi ikalia. Alikaa huko juu kwa muda ambao mimi nilisali sala zote ninazozijua, nazo si nyingi, kwa hiyo nilizirudia. Akashuka taratibu, kifuani pake, ndani ya mikono ile ya mlango, Duive, shingo yake inameta kijani na zambarau, anawaangalia askari kwa jicho moja, kisha anageuza kichwa kuwaangalia kwa la pili, kama mnunuzi asiyeridhika.

"Huyu hapa Duive," shemeji akasema. "Duive ni njiwa. Mimi ni mkamua njiwa, ndivyo tunavyoitwa nchi hii. Nestor hakudanganya na mimi sikudanganya. Muulize mkalimani wako alichokuambia."

Oswin aligeuka rangi ya jibini. Nilidhani hatatafsiri. Akatafsiri, maskini, neno kwa neno, kila neno likimtoka kama jino. Askari mmoja alitoa sauti puani. Mkono wa kapteni ukaenda kwenye bastola.

Sasa ukitaka kumjua Farailde, mjue hapo. Hakurudi nyuma. Alikwenda mbele, mpaka mdomo wa njiwa ukawa karibu na vifungo vya koti.

"Piga," akasema. "Anza na mimi, maana ukianza na yeye nitakutoa macho. Lakini kwanza ufikiri. Uliandika kwa sahihi yako kwamba hakuna njiwa hai Leiehoek. Ukinipeleka mbele ya kanali, kanali atauliza: mlimgunduaje? Na wewe utasema nini? Kwamba umemsalimu kila asubuhi? Kwamba umekunywa maziwa yake tangu Februari ukanenepa? Nitasimama pale ukutani nitacheka, Bwana Kapteni, na kicheko hicho kitafika Berlin kabla ya njiwa yeyote."

 Jagi la asubuhi ile lilikuwa bado mezani, limetoka kupashwa moto, halijapelekwa. Farailde akachukua kopo la bati, akalishika chini ya Duive kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba akayapapasa manyoya ya kifua, huku na huku, kama mkamuaji hasa. Mkono uliomimina maziwa ya mbuzi kutoka kwenye jagi ulikuwa wa nani mimi sitasema, ila ulikuwa na vidole vitano na sasa umeshika kalamu. Kila mtu aliona. Hakuna aliyekuwa kipofu mle ndani. Lile kopo likajaa, likatoa mvuke kidogo, na yeye akamnyooshea kapteni.

"Kunywa au piga," akasema. "Kikipoa si kizuri kwa tumbo."

Nakuapia, niliona vita vyote vya dunia vimesimama vinangoja. Kapteni alilitazama kopo. Akamtazama njiwa. Akawageukia askari wake.

"Nyinyi," akasema, "mnaona nini hapa?"

Askari wakasimama wima. Mmoja alikuwa na machozi ya kicheko mashavuni, lakini sauti yake ilikuwa ya kijeshi.

"Ng'ombe, Bwana Kapteni!"

"Oswin?"

"Ng'ombe, Bwana Kapteni." Akamtazama Duive. "Mdogo."

Kapteni akanywa. Lote. Akafuta masharubu kwa upande wa kiganja, akarudisha kopo, akasema kwa Kiflamandi chake mwenyewe, cha kwanza na cha mwisho tulichomsikia: "Duive mzuri." Akavaa kofia akaondoka, na tangu siku ile askari wakawa hawapiti barabara yetu ila kwa haja, na wakipita hawatazami juu.

Wale wanaodai ati kapteni alikuwa mtu mwema, mimi sikubaliani nao. Alikuwa mtu aliyebanwa, na aliyembana ni mwanamke mwenye ndege. Alihamishwa majira ya joto. Waliokuja baada yake walikuwa wakali zaidi. Walichukua mpaka sufi ya magodoro yetu, tukalala juu ya majani. Farailde walimfunga mara mbili kwa ajili ya mdomo wake, mara moja mjini Gent, akarudi amekonda na mdomo ule ule. Alipokuwa hayupo mimi ndiye niliyepanda dari kumlisha ndege, na Baronesi akazeeka nasi. Lakini Duive hakupatikana. Miaka yote minne alikaa nyuma ya kitani, mbawa zimekunjwa, njiwa aliyetoka Bordeaux kwa mkia nusu, sasa safari yake ni kutoka mti mmoja wa dari mpaka mwingine.

Ndipo ikaja ile vuli ya mwisho. Wafalme wao walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine kama pini za mchezo zikipigwa na tufe, na Wajerumani wakarudi kwa njia ile ile ya viazi, safari hii wanaelekea kwao, wamechoka, wamefungwa matambara miguuni, hawaimbi. Walikuwa wanapita hapa mbele ya nyumba tangu asubuhi. Farailde akapanda ngazi. Nilimfuata.

"Shemeji, subiri wapite," nikamwambia. "Bado wana bunduki."

"Siwangojei tena," akasema. "Nataka wamwone."

Akafungua kidirisha cha dari, kile ambacho Remi alikitengeneza, kilichofungwa kwa misumari tangu lile tangazo. Duive akasogea ukingoni. Akatazama anga kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Tulidhani amesahau. Farailde hakumsukuma, nilisikia tu anavyovuta pumzi. Kisha manyoya yakapigana, pa, pa, pa, na ndege akawa nje, juu ya barabara, juu ya helmeti zote zile, akapiga duara pana mpaka juu ya mto, akarudi, akapiga la pili. Askari wakainua nyuso. Hakuna aliyeinua bunduki.

Na hapo, sikiliza, katikati ya msafara alikuwapo jenerali, jenerali kamili, mwenye manyoya kwenye kofia na medali mpaka tumboni, juu ya farasi mweupe. Na Duive akashuka kutoka mawinguni moja kwa moja, akamwachia jenerali yule kofiani zawadi ya miaka minne, yote kwa mpigo. Na jenerali badala ya kukasirika akasimamisha jeshi zima, akavua kofia, akampigia njiwa saluti huku machozi yakimtiririka, na farasi wake naye akapiga goti, kwa macho yangu haya mawili nilimwona farasi akipiga goti la mbele, kisha akainua kichwa aka

Ngazi imelia nami sikuisikia; shemeji yangu yuko nyuma ya bega langu, anasoma.

"Farasi gani, Cyriel? Siku ile walikuwa wameshawala farasi wao wote."